Pumba za Mke wa Msagaji

"Hivi jirani, nikuulize bila ubaya: siku hizi mwenye nyumba hii ni wewe au ni wifi yako?"

Fundi cherehani aliuliza hivyo kutoka upande wake wa ukuta mfupi unaotenganisha nyua mbili, pini zimebanwa kwenye kona ya mdomo, mkononi gauni la mteja ambalo bado halijatiwa mikono. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya nyanya. Lakini yapo maswali yanayoingia kooni kama mwiba wa samaki, humezi, hutemi.

Mke wa msagaji alikuwa anafua. Akalikamua shati la mumewe mpaka likalia.

"Kwani umeona nini?"

"Mimi? Sijaona kitu. Nimesikia tu wateja wanavyobisha hodi kwako. Zamani ilikuwa 'hodi, Mama Mashine'. Siku hizi ni 'shangazi yupo?' Nikajisemea, labda kuna mtu kashushwa cheo na sisi majirani hatujapewa taarifa."

"Wifi yangu ni mgeni."

"Mgeni siku mbili, jirani yangu. Ya tatu mpe jembe." Akatoa pini moja mdomoni, akaichomeka kwenye gauni. "Huyu wenu, ya tatu mmempa ghala."

Akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Huko nyuma aliacha maji ya kufulia yakipoa kwenye beseni, na mwanamke amesimama juu yake hajui tena alikuwa anafua nini.

Ni desturi ya watu wa mashine, wala haijaandikwa ukutani. Mteja huleta mahindi yake, hulipa, huondoka na unga wake. Pumba zinazobaki kwenye kukoboa, mteja hazidai na mwenye mashine hazihesabu. Hizo ni za mke wake. Yeye huzifagia, huzianika, huzijaza magunia, huwauzia wafuga kuku na wenye ng'ombe, na fedha hiyo mume haiulizi ilikokwenda, kama vile naye asivyoulizwa soda anazokunywa na rafiki zake. Katika nyumba ile sabuni ilitoka kwenye pumba, chumvi ilitoka kwenye pumba, dawa ya kikohozi ya watoto, nguo ya kwendea harusini, hata sadaka. Mke wa msagaji hakuwahi kunyoosha mkono kwa mumewe kuomba sadaka. Alimtolea Mungu kitu chake mwenyewe, na alipotembea kwenda kusali shingo yake ilikuwa imenyooka.

Wifi alikuja baada ya mavuno. Alikuwa mdogo wake msagaji, kitinda mimba wa mama yao, na kwa muda mrefu alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Alianza kwa kuosha chupa, akaishia kuwasaidia wenye makoti meupe kuotesha vijidudu. Mradi ulipokwisha, wafanyakazi waliambiwa asanteni. Akaja kwa kaka yake na begi moja la nguo, na kikapu cha chupa zilizofungwa kwa taulo mbichi, amekikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Humo kuna nini, dada?" msagaji aliuliza walipokaa kunywa chai.

"Wafanyakazi, kaka." Wifi alicheka. "Vijidudu vya mizizi. Vinakaa kwenye mizizi ya maharage, vinafanya vinundu vidogo kama shanga, na humo ndani vinaipikia mimea mbolea kutoka kwenye hewa hii hii tunayovuta. Mkulima haendi dukani. Tatizo, vikiwa chupani havifiki shambani. Vinataka kitu cha kuvibeba, kitu cha kulalia na kula njiani. Kule kituoni tulijaribu udongo wa bondeni, tukajaribu vumbi la mkaa. Pumba zikashinda."

"Pumba!" Msagaji akajipiga paja. "Sasa si umefika kwenyewe! Pumba si hizo, zimejaa? Chukua. Chukua zote."

Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake na birika. Chai iliendelea kumiminika, kikombe kikajaa, ikamwagikia kwenye kisahani.

"Angalia, mama watoto," mume akasema. "Unamwaga."

Hakuna aliyemuuliza neno jingine.

Kuanzia hapo uani pakawa na kazi za ajabu. Wifi alizichekecha pumba, akazipika kwa mvuke ndani ya pipa mpaka zikanukia kama uji. "Lazima tuwaue kwanza wenyeji wote waliomo," alieleza, uso umelowa mvuke, "ndipo tuwaingize wageni. La sivyo wenyeji watawamaliza." Neno hilo mke wa msagaji alilishika, akalala nalo. Pumba zikipoa, wifi alizimwagia maji ya chupani yaliyotiwa sukari guru, akazikanda kwa mikono iliyooshwa kwa spiriti, akazijaza kwenye mifuko ya nailoni. Mifuko akailaza ghalani, gizani, sakafu ikimwagiwa maji asubuhi na jioni ili pawe baridi. Ghala hilo lilikuwa la mke wa msagaji. Magunia yake yalisukumwa chini ya kitanda, na sanduku lake la nguo likasimama kwenye ujia, mahali ambapo kila aliyepita aligonga goti.

"Ni kwa muda tu, wifi," wifi alisema.

"Hakuna neno, wifi," akajibu, na meno yake yote yakaonekana.

Angekuwa mvivu, angesemwa. Angekuwa mchoyo au mdomo mrefu, angesemwa. Lakini wifi aliamka mapema, alifagia, alichota maji bila kutumwa, aliwasaidia watoto hesabu zao. Binti wa nyumba akaanza kila sentensi kwa "shangazi amesema." Na msagaji, mtu wa maneno ya kupimwa kwa kijiko, alipokaa na dada yake alicheka mpaka machozi. Walikumbushana visa vya utotoni: kuna mbuzi alikula kofia ya babu yao, babu akamfukuza na kichwa wazi mpaka sokoni. Mkewe alikuwa amelala naye kitanda kimoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Hakuwahi kuambiwa habari za mbuzi huyo.

Na wakati ule nyumba ilikuwa na haja ya kicheko. Kule barabarani palifunguliwa mashine mpya ya umeme, haina moshi, inasaga kabla hujamaliza kusalimia. Wateja walihama mmoja mmoja, kwa adabu, wakipita upande wa pili wa njia wasije wakakutana macho na msagaji. Tumaini likawa kwenye mifuko ya wifi. Wakulima wa maharage wa bondeni walijaribu michache kwenye bustani zao za kumwagilia, wakapaka mbegu, na matuta yale yakasimama kijani wakati ya jirani yalikuwa ya manjano. Mwenyekiti wao akaja mwenyewe. Akasema, tutengenezeeni ya wanachama wote kwa msimu huu. Ikitufaa, mahindi yetu yote tutayaleta kukobolewa hapa, maana ninyi mnataka pumba na sisi tunataka mbolea. Msagaji alimshika mkono kwa mikono miwili, hakumwachia upesi. Bila wakulima wale, alijua, mashine yake ingeuzwa kama chuma chakavu.

Mkewe naye alijua. Asije mtu akasema hakujua.

Siku moja sabuni ikaisha. Mke wa msagaji akaenda kwenye chumba cha mashine. Mumewe alikuwa mweupe mpaka kope, anakung'uta mfuko wa unga wa mteja ili hata vumbi lisibaki.

"Baba watoto, sabuni imekwisha."

"Si ununue."

"Kwa kipi? Mimi pumba siuzi siku hizi."

Akajipapasa mifuko mbele ya wateja, akatoa mikono mitupu. "Sina hata ya kiberiti. Mwombe dada. Si ndiye anayeshika za pumba?"

Wateja wakatazama vidole vyao vya miguu. Mmoja wao alikuwa mfuga kuku, mnunuzi wake wa siku nyingi. Alimfuata mpaka mlangoni, akamwuliza kwa sauti ya kumhurumia, "Kwa hiyo pumba hakuna kabisa, Mama Mashine?"

"Hakuna."

"Haya. Basi ngoja nimwone shangazi, labda anazo za kubaki."

Wifi alikuwa amepiga magoti karibu na pipa, anachochea moto. Aliposikia habari ya sabuni aliguna. "Wifi jamani, sabuni tu ndiyo unakuja umeinama hivyo? Shika. Nunua na mafuta ya watoto, na wewe ujinunulie soda, jua kali." Akampa zaidi ya alichoomba, huku macho yake yako kwenye moto, hata hakuona uso wa aliyepokea.

"Asante, wifi."

"Asante ya nini? Ni zetu sote."

Kuomba ni mzigo. Lakini kuomba kilichokuwa chako, ukapewa zaidi, ukaambiwa ni chenu sote, huko ni kubeba mzigo na mwenye mzigo amekaa juu yake. Wiki ile mke wa msagaji alipokwenda kusali hakutoa sadaka. Chenji ya sabuni ilikuwepo, ameifunga kwenye ncha ya nguo. Aliona akiitoa itakuwa ni sadaka ya wifi, na wifi alikwisha kuwa na vya kutosha. Sahani ilipopita, akaisogeza kwa jirani yake kama mtu anayepitisha chumvi.

Mvua zilipoanza kunukia, wifi alisafiri kwenda bondeni kuwafundisha wakulima jinsi ya kupaka mbegu. Aliaga mlangoni, begi begani.

"Wifi, nakuachia watoto wangu wale wa ghalani."

"Nitawanyonyesha?"

Wote wakacheka, na kwa kweli kilikuwa kicheko kizuri.

"Mwagia maji sakafu tu. Usiifungue mifuko. Na jua, wifi. Jua ndilo adui yao. Likiwapiga wamekwisha, hakuna cha kuwafufua. Kesho nitarudi, na mwenyekiti yuko nyuma yangu anakuja kubeba."

"Nimesikia, wifi. Nenda salama."

Alisikia. Akaingia ghalani na kopo la maji, akamwagia sakafu. Akainama, akaweka kiganja juu ya mfuko.

Mkono wa mke wa msagaji hauhitaji macho. Tangu alipoolewa alifundishwa na mama mkwe jambo moja kuliko yote: pumba mbichi ni hasara iliyofungwa gunia. Leo ina unyevu, kesho ina joto, keshokutwa ina ukungu na funza. Kila alipogusa pumba mbichi maishani mwake, mwili wake uliinuka wenyewe kwenda kutafuta turubai. Sasa kiganja kiligusa ubichi. Kiligusa na joto kidogo. Pua ikaleta harufu chachu kama ya donge la mkate. Mkono ukasema: zinavunda hizi, anika. Sikio likasema: jua ni adui yao. Na moyo, ambao ndio ungekata shauri kati ya hao wawili, ulikuwa umekaa pembeni unasikiliza habari za mbuzi aliyekula kofia.

Akatandaza turubai uani. Akafungua mfuko wa kwanza.

"Afadhali umeanika, jirani," fundi cherehani akasema toka juu ya ukuta. "Mimi harufu nilikuwa naisikia, naogopa kusema."

"Si unajua pumba mbichi."

"Nisijue nimekuwa mtoto? Wifi yako atakushukuru."

"Atashukuru," akasema.

Alivua viatu, akazitawanya kwa miguu kama alivyofanya siku zote, akitembea polepole, akiziburuza huku na huku zipate jua chini na juu. Tangu wifi aje hakuwa amezisikia pumba chini ya nyayo zake. Akaimba wimbo wa dini kwa sauti ndogo, ule wa kushukuru. Jua lilikuwa wazi, halina hata wingu la kulionea haya. Kivuli cha nyumba kilipofika kwenye turubai, pumba zilikuwa nyepesi, zinateleza vidoleni, zina rangi ambayo mfuga kuku yeyote angeisifu. Akazirudisha kwenye mifuko, akafunga mafundo yaleyale, akailaza mifuko kama alivyoikuta. Akamwagia maji sakafu.

Hapakuwa na damu. Hapakuwa na kitu kilichovunjika. Na hivyo vijidudu, nani aliwahi kuviona vikiwa hai hata avione vimekufa?

Wifi alirudi kesho yake na vumbi mpaka kwenye nyusi, amewaletea watoto mapera. Hakukaa hata kunywa maji. Aliingia ghalani, akachukua mfuko, akaupima kiganjani. Akachukua mwingine. Akachukua na wa tatu. Alipotoka alikuwa ameushika kwa mikono miwili.

"Wifi, mifuko imekuwa myepesi."

Mke wa msagaji alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Nimeianika."

"Umeianika."

"Ilikuwa inavunda. Ina joto, ina harufu. Ningeiacha ioze na mwenyekiti anakuja? Nimekuokoa, wifi."

"Nilikuambia habari ya jua."

"Uliniambia mambo mengi. Mimi nimezeekea kwenye pumba hizi, sijawahi kuona pumba mbichi ikawa nzima."

Msagaji alikuwa amesikia sauti. Akatoka kwenye mashine akipangusa macho. "Kuna nini?"

"Wamekufa, kaka."

"Nani kafa?" Alishtuka mpaka akaegemea nguzo.

"Wale wa kwenye pumba. Wote."

"Ah!" Akapumua kwa kelele. "Dada, umenitisha bwana. Nikadhani mtu." Akatia mkono kwenye mfuko, akateka konzi ya pumba, akaiachia imwagike taratibu kama alivyozoea kupima unga. "Mbona nzuri hizi? Mimi naona zimekuwa nzuri kuliko zile. Usimlaumu mwenzio. Pumba mbichi huoza, hata mimi ningeanika."

Mke wa msagaji aliendelea kuchambua mchele. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu kile kikapu cha chupa kiingie, mumewe kusimama upande wake. Alifurahi. Furaha yenyewe ilikuwa na ladha ya sarafu mdomoni, lakini aliifurahia hivyohivyo.

"Kaka, hizi sasa ni chakula cha kuku. Wakipaka mbegu hazitafanya lolote."

"Nani ataona?"

"Nini?"

"Nauliza, nani ataona?" Aliteremsha sauti. "Watapaka, watapanda. Maharage yakisinyaa watasema mvua. Mvua nayo ina mgongo mpana, hubeba mengi. Dada, mimi sina mteja. Unaniona. Mpe mwenyekiti mifuko yake, safari nyingine utatengeneza mingine, mizuri zaidi."

Wifi alimtazama kaka yake. Kisha akamtazama wifi yake, muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu. Akaufunga tena mfuko, akaenda kunawa miguu.

Mwenyekiti wa wakulima alifika asubuhi iliyofuata na gari la mizigo la kukodi, na kamba begani. Alikuwa mtu mnene wa vicheko, viatu vyake vina udongo wa bondeni. Msagaji alizima mashine kwa heshima yake. Wakakaa mlemle kwenye chumba cha mashine, juu ya magunia, mke wa msagaji akaleta chai. Alimwekea mgeni sukari, akamwekea mumewe, akafika kwa wifi akakuta amesimama.

"Mwenyekiti, mifuko usiichukue," wifi alisema.

"Enhe?" Alidhani ni mzaha. "Nisichukue mifuko, nichukue mikoba?"

"Imekufa. Ile mbolea haina uhai. Ukiwapa wanachama wako watapanda bure."

Msagaji aliweka kikombe chini. "Dada."

"Imekufaje? Juzi ulikuwa kwetu unatufundisha, unatuambia iko tayari!"

"Ilikuwa tayari. Nimekosea mimi. Niliiacha mahali pasipofaa, ikapigwa na jua." Alisema hivyo akitazama mlango. "Kosa ni langu, wala hakuna mwingine."

Mwenyekiti alisimama. Vicheko vilikuwa vimekwisha usoni. Akasema watu wamelima, wamechanga, wengine wameuza mbuzi. Akasema mvua iko mlangoni. Akasema yeye ataingia vipi kwenye mkutano na kamba mkononi na gari tupu, na watu wanamngoja tangu alfajiri. Wifi hakujitetea. Alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele, mikono nyuma, na mke wa msagaji, aliyekuwa ameshika birika, alihisi kitu kikilegea kifuani, kitu kilichokuwa kimebana tangu siku ya chai kumwagika. Ndiyo, akasema moyoni. Naye aonje.

Lakini mwenyekiti aliposema yote alikaa tena. Gunia likatoa pumzi chini yake.

"Mwaka uliopita," akasema, "tuliuziwa mbegu zilizooza. Aliyetuuzia alijua. Alitukaribisha soda, akatuhesabia mifuko, akatupungia mkono. Mpaka leo hatujui anaishi wapi." Akamtazama wifi. "Wewe ungeweza kunipakilia hii mifuko nikaondoka nakuombea baraka. Kwa nini hukufanya hivyo?"

"Ningelala vipi?"

"Haya." Akaichukua ile chai, akanywa. "Tengeneza mingine. Tutatanguliza mahindi, maharage tutayapanda nyuma. Wanachama nitawaambia mimi, watapiga kelele, watanyamaza. Nimepata mtu." Akamgeukia msagaji, uso umeanza kurudi kwenye vicheko. "Una bahati ya dada, bwana." Kisha akamgeukia mwenye birika. "Na wewe, mama, huyu wifi yako mshike kwa mikono miwili. Watu wa namna hii hawapatikani."

"Anasema uongo," mke wa msagaji akasema.

Walimtazama kama watu waliosikia birika likizungumza.

"Hakuiacha popote. Aliiacha vizuri, ghalani, gizani. Akaniambia nisiifungue, akaniambia jua ni adui. Nikaifungua. Nikaianika tangu asubuhi mpaka kivuli kikafika. Na nilijua."

Asidhani mtu kwamba alikuwa anatubu. Toba ina unyonge ndani yake, na yeye saa ile hakuwa na unyonge hata wa kulamba. Ila alikuwa amechukuliwa pumba, amechukuliwa ghala, amechukuliwa kicheko cha mumewe na ulimi wa binti yake. Sasa hata kosa lake lilikuwa limechukuliwa, wifi amelivaa, limempendeza, na wageni wanamsifu nalo. Hilo lilimshinda. Kosa lilikuwa lake. Alilitawanya kwa miguu yake mwenyewe.

"Ulijua?" msagaji akauliza.

"Nilijua."

"Na hali ya mashine unaijua?"

"Naijua kuliko wewe. Wewe unasikia injini. Mimi nasikia chungu."

"Mwanamke, una roho ya namna gani?" Alikuwa amesimama, unga unamdondoka begani. "Mwombe radhi dada. Sasa hivi, hapa, mbele ya mgeni."

"Nitamwomba." Akaweka birika sakafuni, akajifunga nguo yake upya kiunoni. "Nitapiga na magoti. Kwanza mtu mmoja humu ndani aniambie: pumba ni za nani?"

"Pumba za nani! Ndiyo maneno gani hayo?"

"Pumba za mashine hii. Ni za nani?"

Mwenyekiti akakohoa. "Kwa desturi ninayoijua mimi..." akaanza, akamwona msagaji, akakumbuka chai ya watu. "Lakini mimi ni mgeni."

"Ni zako, wifi."

Wifi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo. Mikono ilikuwa imetoka nyuma, inaning'inia tu.

"Nimekulia kwenye mashine. Mama alikuwa akiuza pumba za mashine ya baba, mimi namshikia mdomo wa gunia. Nisijue?" Akamgeukia kaka yake. "Ndiyo maana nilikuuliza, kaka. Kabla sijagusa hata konzi moja. Ile siku ya pili, wewe unatia mafuta kwenye injini, nikakuuliza, wifi ameridhia? Ukaniambia mmezungumza. Ukaniambia amefurahi sana, tena yeye ndiye aliyesema nichukue na ghala."

 Nje dereva wa gari la mizigo alikuwa anapiga mluzi.

Mke wa msagaji hakumtazama tena wifi. Alikuwa amekesha na uso ule siku nyingi, akiuhesabia makosa, na sasa hakuwa na kazi nao. Aligeuka taratibu, mwili mzima, kama mtu anayegeuza gunia zito.

"Tumezungumza lini, baba watoto?"

 Msagaji alitazama viganja vyake, akaanza kuvisugua, unga ukawa unatoka vipande vidogo kama ngozi.

"Nakuuliza wewe. Mimi na wewe tumezungumza lini?"

Akatazama mashine. Akamtazama mwenyekiti, ambaye alikuwa amezama kwenye kikombe kitupu. Kisha akajipangusa mikono kwenye suruali, akampita dada yake, akampita mkewe bila kumgusa, akaruka kamba ya mgeni iliyokuwa mlangoni, akatoka nje.